Kuanza Kupiga Picha kwa Kamera ya Filamu ya Inchi 4 kwa 5

Kamera kubwa, yaani ile inayotumia filamu ya vipande bapa badala ya mkanda, huwatisha wengi kwa umbo lake, lakini kimuundo ni miongoni mwa kamera rahisi kabisa kuelewa. Mbele kuna ubao unaobeba lenzi, nyuma kuna fremu yenye kioo cha ukungu ambamo taswira huonekana, katikati kuna mvukuto unaozuia mwanga, na chini kuna reli inayoruhusu ncha hizo mbili kusogeleana na kuachana. Haina betri wala kompyuta, na kwa sababu hiyo haina chochote kinachomwonya mpigaji anapokaribia kuharibu picha. Ugumu wake umo katika mfuatano wa vitendo: nini kinatangulia na nini kinafuata. Anayeuzoea mfuatano huo kabla ya kuhangaikia ubora wa lenzi au jina la filamu atapata picha nzuri mapema kuliko yule aliyeanza kwa kurundika vifaa.

Ukubwa unaomfaa anayeanza ni inchi 4 kwa 5. Upo pia wa 5 kwa 7 na wa 8 kwa 10, lakini huko gharama ya filamu hupanda upesi, na vifaa vya 4 kwa 5 ndivyo vinavyopatikana kwa wingi, vipya kwa vilivyotumika. Kipande kimoja cha ukubwa huu kina eneo la picha takriban mara 13 ya fremu ya filamu ya milimita 35, kiasi kwamba hata lenzi ya zamani isiyo na sifa kubwa hutoa picha yenye maelezo mengi kuliko mtazamaji anavyoweza kuyamaliza.

Kamera na lenzi

Kamera hizi ni za namna mbili. Za reli moja, kama zile za Sinar ya Uswisi, hugeuka na kuinama pande zote, na nyingi huuzwa kwa bei nafuu kwa sababu studio zilizokuwa zikizitumia zilihamia kwenye kamera za dijitali. Ubaya wake ni uzito, na mtu anayetaka kutembea nazo hujuta mapema. Za kukunja hufungwa zikawa sanduku dogo la kubebea mgongoni. Katika kundi hili zimo Intrepid ya Uingereza, ambayo ni nyepesi, Chamonix ya China, na Toyo na Wista za Japani. Zipo pia Speed Graphic na Crown Graphic za kampuni ya Graflex ya Marekani, kamera za waandishi wa habari wa enzi zile ambazo utengenezaji wake ulikoma mwaka 1973. Hizo ni imara na zinafaa kwa picha za watu na mandhari, ila ubao wake wa mbele hauna miendo ya kutosha kwa mtu anayekusudia kupiga majengo.

Kabla ya kulipia kamera iliyotumika, uchunguze mvukuto kuliko kitu kingine chochote. Ingia kwenye chumba chenye giza, uvute mvukuto mpaka mwisho, uingize tochi ndani, kisha uzunguke ukiangalia pembe za mikunjo, kwa maana vitundu huanzia pale ambapo kitambaa kimekunjwa na kukunjuliwa kwa miaka mingi. Kitundu kimoja au viwili huzibika kwa rangi nyeusi ya mpira au utepe mweusi usiopitisha mwanga, lakini mvukuto unaovuja kila kona ni wa kubadilishwa, na gharama hiyo lazima ihesabiwe kwenye bei.

Lenzi ya kuanzia iwe ya urefu wa fokasi wa milimita 150, ambayo kwenye filamu ya 4 kwa 5 huona takriban kama lenzi ya kawaida kwenye kamera ndogo. Schneider, Rodenstock, Nikkor na Fujinon wote walitengeneza lenzi za urefu huu kwa wingi, na tofauti kati yao ni ndogo mno kumsumbua anayeanza. Cha kuangalia ni shata, yaani mlango mdogo unaofunguka na kufunga ili kupitisha mwanga, ambayo katika kamera hizi imo ndani ya lenzi yenyewe. Ipandishe na kuifyatua kwa kila kasi, huku ukisikiliza: sekunde moja isikike kama sekunde moja, na kasi za chini zisikwame katikati. Hakikisha pia kwamba lenzi inakuja na ubao wake na kwamba ubao huo ni wa kipimo cha kamera yako, kwani kila kamera ina kipimo chake, ingawa ule wa Linhof Technika umekuwa kama wa wote.

Vinavyobaki ni stendi ya miguu mitatu isiyoyumba, kitambaa cheusi cha kujifunika kichwa, lenzi ndogo ya kukuzia ya kuwekwa juu ya kioo, waya wa kufyatulia, na makasha matatu ya filamu, ambayo kila moja hubeba vipande viwili, kimoja kila upande. Kipima mwanga kinaweza kuwa programu ya simu kwa kuanzia, na kwa filamu nyeusi na nyeupe hiyo inatosha kabisa. Lenzi ya pili isubiri.

Filamu, na mbadala wake wa bei nafuu

Chagua filamu moja na ubaki nayo. Kwa maoni yangu Ilford HP5 Plus, filamu nyeusi na nyeupe yenye kasi ya ISO 400 (kipimo cha wepesi wa filamu kuhisi mwanga), ndiyo inayofaa zaidi, kwa sababu kamera hii hutumia tundu dogo la lenzi, mara nyingi f/22 au f/32 (namba ikikua tundu hupungua), na filamu ya kasi ndogo ingelazimisha shata kukaa wazi muda mrefu hata kivulini, wakati majani hayatulii na watu hawatulii. Isitoshe, filamu hii husamehe makosa ya kipimo cha mwanga.

Kwetu Afrika Mashariki filamu ya vipande mara nyingi huagizwa kutoka nje au huletwa na msafiri, kwa hiyo mambo mawili yanahitaji uangalifu. La kwanza ni mashine za ukaguzi za viwanja vya ndege: zile mpya za aina ya CT zinaweza kuiharibu filamu hata kwa kupita mara moja, na msafiri aombe mzigo huo ukaguliwe kwa mkono, bila boksi kufunguliwa. La pili ni joto. Boksi likae kwenye friji ndani ya mfuko uliofungwa vizuri, na litolewe saa kadhaa kabla ya kufunguliwa, la sivyo unyevu wa hewa ya pwani utaganda juu ya filamu baridi.

Hata hivyo, hakuna sababu ya kuanza mazoezi kwa filamu ya bei. Karatasi ya kuchapia picha nyeusi na nyeupe, ikikatwa kwa kipimo na kupakiwa kwenye kasha, hufanya kazi ya negativu. Kasi yake ni ndogo sana, takriban ISO 6, hivyo kwenye jua kali na f/22 shata itahitaji kukaa wazi kama theluthi ya sekunde. Faida yake ni kwamba haioni mwanga mwekundu, na kwa hiyo unaweza kuikata, kuipakia na kuisafisha chini ya taa nyekundu huku ukiona kila unachofanya. Kata pungufu ya milimita moja hivi kila upande, kwa sababu filamu inayoitwa ya inchi 4 kwa 5 kwa kweli ni ndogo kidogo kuliko jina lake, na karatasi ya kipimo kamili hukwama kwenye reli za kasha.

Mbadala mwingine ni filamu ya eksirei ya hospitali, ile ya kuhisi mwanga wa kijani, inayouzwa na wauzaji wa vifaa vya tiba. Nayo hupakiwa chini ya taa nyekundu na bei ya kipande ni sehemu ndogo tu ya bei ya filamu ya kamera. Anza kwa kuipima kama ya ISO 80 au 100 kisha urekebishe. Kwa kuwa aghalabu ina dawa ya kuhisi mwanga pande zote mbili, huchubuka kwa kuguswa tu ikiwa imelowa, na anayeisafisha kwenye beseni alaze kioo safi chini na kusafisha kipande kimoja kimoja.

Kupakia gizani

Filamu halisi hupakiwa katika giza kamili, kwenye chumba kisichopitisha hata mstari wa mwanga chini ya mlango au ndani ya mfuko wa giza wenye mikono miwili. Toa kafara kipande kimoja cha zamani, ufanye mazoezi mchana ukiangalia, kisha ukiwa umefumba macho, mpaka vidole vijue njia vyenyewe.

Kila kasha lina bamba la kuvuta kila upande, na mpini wa bamba una rangi mbili: upande mweupe na upande mweusi. Kwa desturi, upande mweupe ukitazama nje maana yake ndani kuna filamu ambayo haijapigwa, na mweusi maana yake imekwisha kupigwa. Upande mweupe una vinundu vidogo vinavyohisika kwa kidole, navyo viliwekwa kwa ajili ya gizani.

Futa vumbi kwenye makasha kabla ya kuzima taa. Panga makasha kushoto, boksi la filamu kulia, na mabamba yakiwa yamevutwa nusu, upande mweupe nje. Zima taa. Toa kipande kimoja ukikishika kingoni tu, ukipapase upande mfupi utafute vikato vidogo vilivyokatwa karibu na pembe. Vikato hivyo vikiwa kwenye pembe ya juu kulia huku filamu ikiwa imesimama wima mbele yako, upande wenye dawa unakutazama, na huo ndio unaopaswa kutazama nje ya kasha, upande wa bamba. Fungua kifuniko cha chini cha kasha, telezesha filamu chini ya reli zote mbili, halafu ujaribu kuinua ukingo wake kwa ukucha: ikiinuka upande mmoja, haikuingia chini ya reli, itoe na urudie. Funga kifuniko, sukuma bamba mpaka mwisho, na ufunge kifungio kidogo cha juu ili bamba lisivutike kwa bahati mbaya mfukoni. Kabla ya kuwasha taa, hakikisha boksi limefungwa. Sentensi hiyo ni fupi lakini maboksi mengi yamepotea kwa kuisahau.

Kupiga picha moja

Weka stendi kwanza, halafu kamera, halafu lenzi. Fungua shata kwa kile kiwiko kinachoiacha wazi, fungua tundu mpaka mwisho, ujifunike kitambaa. Taswira itaonekana kichwa chini miguu juu, kushoto imekuwa kulia, na siku za mwanzo macho yatapinga; yakizoea, utaona kwamba hali hiyo husaidia kupanga picha, kwa kuwa unaacha kuona vitu na kuanza kuona maumbo. Sogeza ubao mpaka taswira ikae sawasawa, uikague kwa lenzi ya kukuzia katikati na pembeni, kisha ukaze kila skrubu.

Punguza tundu hadi f/22. Pima mwanga. Njia inayoaminika kwa filamu nyeusi na nyeupe ni kupima kivuli ambacho bado unataka kionyeshe maelezo, kisha kupunguza stopu mbili kutoka kwenye kipimo hicho, yaani kupunguza mwanga kwa nusu mara mbili. Ikiwa kipima mwanga hakipo, jua la wazi la saa sita linajulikana: f/16 kwa kasi ya shata inayolingana na ISO, yaani kwa HP5 Plus takriban 1/400, ambayo kwa f/22 ni 1/200 na kwa f/32 ni 1/100.

Kuanzia hapa mfuatano haubadiliki, na ni vyema kuutamka kwa sauti. Funga shata. Weka kasi na tundu. Pandisha shata na uifyatue mara moja bila filamu, usikie kwamba inafanya kazi, kisha uipandishe tena. Ingiza kasha kati ya kioo na kamera mpaka likae kwenye mfereji wake. Vuta bamba la upande unaotazama lenzi, na ulivute moja kwa moja bila kulipinda. Subiri kidogo kamera itulie, fyatua kwa waya. Rudisha bamba upande mweusi ukitazama nje, funga kifungio, ndipo utoe kasha. Mtu anayevuta bamba shata ikiwa wazi hupata filamu iliyoungua nyeusi yote, na anayesahau kugeuza bamba hupata picha mbili juu ya kipande kimoja.

Kuna hesabu mbili ambazo kamera ndogo humfanyia mpigaji na kamera hii haimfanyii. Unaposogea karibu na kitu, mvukuto hurefuka na mwanga unaofika kwenye filamu hupungua. Pima kwa futi ya fundi cherehani umbali kutoka ubao wa lenzi hadi kioo, ugawanye kwa urefu wa fokasi wa lenzi, uzidishe jibu kwa lenyewe. Kwa lenzi ya milimita 150 na mvukuto wa milimita 210 jibu linakaribia 2, kwa hiyo muda wa mwanga unahitaji kuongezwa mara mbili. Hesabu ya pili ni ya muda mrefu: filamu hulegea shata inapokaa wazi zaidi ya sekunde moja, na kwa HP5 Plus kipimo cha sekunde 10 huhitaji takriban sekunde 20.

Miendo ya mbao

Hapa ndipo kamera hii inapotofautiana na nyingine zote, na hapa pia ndipo wengi wanapopotea kwa kugeuza kila kitu kwa pamoja. Anza na mwendo mmoja: kupandisha ubao wa mbele. Ukisimama kwenye kichochoro cha Mji Mkongwe wa Zanzibar mbele ya nyumba ya ghorofa tatu, huna nafasi ya kurudi nyuma, na ukiinua kamera kutazama juu kuta zitaonekana zikiangukia ndani. Badala ya kuinua kamera, isawazishe kwa pimamaji ili kioo kiwe wima kabisa, kisha upandishe ubao wa lenzi peke yake. Sehemu ya juu ya nyumba itaingia kwenye kioo, barabara itatoka, na kuta zitabaki zimenyooka. Mwisho wa mwendo huu huwekwa na lenzi: lenzi nyingi za kisasa za milimita 150 hutoa duara la taswira la takriban milimita 210 kwa f/22, na ukilipita duara hilo pembe za picha huwa nyeusi. Chungulia pembe za kioo baada ya kupunguza tundu.

Mwendo wa pili ni kuinamisha ubao wa mbele. Kwa kawaida eneo lililo kwenye fokasi ni kama ukuta uliosimama sambamba na filamu. Ukiinamisha lenzi mbele, ukuta huo hulala. Kanuni yake huitwa kwa jina la Theodor Scheimpflug, afisa wa jeshi la Austria aliyeishughulikia mwanzoni mwa karne ya 20 katika kazi ya picha za kutoka angani. Kwa mpigaji wa mandhari maana yake ni kwamba mawe yaliyo miguuni pake na milima iliyo mbali vinaweza kuwa wazi kwa pamoja. Weka fokasi mbali, inamisha ubao mbele kidogo sana, tazama karibu, rudisha fokasi, tazama mbali, urudie mpaka vyote vikubali. Nyuzi chache tu zinatosha, na ikiwa kuna mti mrefu karibu, kilele chake kitatoka kwenye fokasi, kwa hiyo huko ni bora kuacha ubao wima na kutegemea tundu dogo. Kugeuza na kusogeza pembeni ni miendo ile ile ikiwa imelazwa ubavu.

Kusafisha

Njia rahisi kuliko zote ni mabeseni matatu gizani, lakini tangi hupunguza mikwaruzo na huruhusu kufanya kazi taa ikiwa imewashwa baada ya kupakia. Kifaa cha MOD54 hutia vipande sita kwenye tangi kubwa la Paterson kwa takriban lita moja ya dawa. Kwa HP5 Plus katika ID-11, dawa ya kwanza inayotokeza picha, iliyochanganywa sehemu moja kwa moja ya maji, Ilford huelekeza dakika 13 kwa nyuzi joto 20.

Nyuzi 20 ni rahisi kuandika kuliko kuzipata Dar es Salaam au Mombasa, ambako maji ya bomba hutoka yakiwa na joto zaidi. Weka chupa za dawa kwenye ndoo ya maji yenye barafu na uzitoe zinapofika kipimo, au uikubali nyuzi 24 na kupunguza muda hadi takriban dakika 9. Usipande sana zaidi ya hapo, kwa sababu muda ukishuka chini ya dakika 5 filamu husafika kwa mabaka. Muhimu zaidi ni dawa zote na maji ya suuza vikaribiane kwa joto.

Baada ya dawa ya kwanza ni dawa ya kusimamisha kwa sekunde 10, kisha fiksa ya haraka, dawa inayofanya filamu isiathiriwe tena na mwanga, kwa dakika 2 hadi 5, kisha suuza. Maji ya kisima ya pwani mara nyingi yana chumvi na huacha madoa meupe, hivyo suuza ya mwisho itumie maji ya chupa yenye tone la dawa ya kusaidia maji yateleze bila kuacha matone, na filamu itundikwe kwa pembe moja bafuni, baada ya kumwaga maji ya moto ili mvuke uangushe vumbi.

Negativu ya ukubwa huu haihitaji mashine ya kukuzia. Huwekwa moja kwa moja juu ya karatasi, kioo kizito kikawekwa juu yake, na picha ikatoka kwa ukubwa wa negativu. Asiye na chumba cha giza anaweza kutumia sayanotaipu, njia iliyobuniwa na John Herschel mwaka 1842: karatasi ya kawaida ya kuchorea hupakwa mchanganyiko wa amonia feriki sitreti na potasiamu ferisianidi, hukaushwa mahali penye giza, hubanwa pamoja na negativu na kuwekwa juani. Anza kwa kipande chembamba cha majaribio, ukifunika sehemu yake kila baada ya dakika mbili ili kujua muda unaofaa kwa jua la siku hiyo, kisha suuza kwenye maji baridi mpaka rangi ya njano itoke yote na sehemu nyeupe zibaki nyeupe.